Kuhusu Kitabu cha Lusangi Kukosa Medali

Lusangi, tarehe 16 Agosti 1954

Kwa Bwana Administrateri wa Teritware, Kabambare

Bwana Mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa nimenawa mikono na kuchonga kalamu upya, kama tulivyofundishwa kufanya tunapoiandikia Serikali. Jina langu ni Sidonie. Mimi ni binti wa Zéphirin, shemasi na mkulima wa pamba hapa Lusangi, na nimemaliza mwaka wa tano katika shule ya wasichana ya misioni, Kasongo. Nina miaka kumi na minne. Sijawahi kuiandikia Serikali, wala Serikali haijawahi kuniandikia mimi, kwa hiyo naomba tusameheane makosa.

Barua hii inahusu Biblia ya kanisa letu, ambayo hapa kijijini tunaiita Kitabu, kwa kuwa hakuna kingine. Naleta malalamiko kwa ajili yake. Kitabu chenyewe hakijanituma.

Mwaka huu mwalimu wetu, Madamu Véronique, alitufundisha kwamba Maandiko yana mamlaka juu ya maisha yote ya Mkristo: nyumbani, shambani, sokoni na kwenye njia ya kwenda mtoni. Akatuuliza mamlaka ni nini. Nilijibu kwamba mamlaka ni haki ya kuamuru na kutiiwa, naye akanipa tisa juu ya kumi. Nilirudi likizo na furaha, nikitaka kuyaona mamlaka hayo yakifanya kazi kwetu. Nimeyatafuta kwa wiki sita. Sijayaona. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na sababu nimeipata: Kitabu cha Lusangi hakina medali.

Bwana Administrateri anajua kuliko mimi jinsi mambo yalivyo. Chefu ana medali kifuani. Kapita, msimamizi wa kijiji, ana kofia na karatasi yenye muhuri. Polisi ana mkanda na fimbo. Watu wakiviona vitu hivyo wanajua la kufanya bila kuelezwa. Kitabu kina jalada jeusi tu, na kona yake moja imeliwa na mende.

Naomba ruhusa niyapange malalamiko kwa namba, ili karani wako asipate taabu.

1. Kuhusu mahali kinapokaa. Kwa kuwa Baba ni shemasi, Kitabu kinakaa kwetu, juu ya meza, katikati kabisa. Kila mwaka monitere wa pamba, anayekagua mashamba kwa niaba ya Serikali, anampa Baba karatasi inayosema shamba lake liwe na ukubwa gani. Baba alitafuta mahali ambapo mchwa na watoto hawafiki, akaiweka karatasi hiyo ndani ya Kitabu, katika Zaburi. Tangu hapo Kitabu kinafunguliwa mara nyingi kuliko zamani, na mimi mwanzoni nilimshukuru Mungu. Lakini nimeangalia vizuri. Monitere akipita, Baba anakimbia mezani, anafungua Zaburi, anatoa karatasi, anafunga Zaburi. Hasomi hata mstari mmoja. Monitere akishaondoka, anafungua Zaburi, anarudisha karatasi, anafunga Zaburi. Hivyo Kitabu kimekuwa mlinzi wa karatasi. Sidhani kama katika ofisi yako chefu analinda mlango ili tarishi apate kulala.

2. Kuhusu namna watu wanavyosikiliza. Karatasi ya Kabambare ikisomwa, watu wanasimama juani, wanaume wanavua kofia, na hakuna anayekohoa. Haijawahi kutokea mtu akasema kwamba amri ya kufagia barabara iliandikwa kwa ajili ya watu wa zamani. Lakini Jumapili, niliposoma mahali Bwana Yesu anapoagiza tuwapende adui zetu, Mzee Jean-Marie, ambaye ni mzee wa kanisa na ana bustani ya mihogo, alisimama akaeleza kanisa zima kwamba neno hilo halituhusu. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: «Yesu alisema vile sababu adui zake walikuwa Waroma, watu wa mbali. Ya kwangu ni Gaston. Gaston iko hapa hapa, na mbuzi zake ziko hapa hapa.» Mjomba Gaston alijibu kutoka benchi ya nyuma kwamba mbuzi hawajabatizwa, kwa hiyo hawana dhambi. Watu walicheka, mahubiri yakaishia hapo. Mwaka jana huyo huyo Mzee Jean-Marie alijaribu kusema kwamba amri ya barabara inawahusu watu wa ng'ambo ya mto, si yeye. Alifungwa boloko siku saba. Alipotoka alikuwa ameielewa amri yote, pamoja na maana yake ya ndani.

3. Kuhusu mistari inayochaguliwa. Kuna mstari unaowaambia wake wawatii waume zao. Mstari huo unajulikana na kila mwanamume wa Lusangi, hata asiyejua kusoma, hata majirani zetu Waislamu, hata wale wanaopita tu na mzigo kwenda Kasongo. Mistari michache chini yake, ukurasa huo huo, waume nao wanaagizwa wawapende wake zao mpaka kutoa uhai. Huo haujulikani. Nilipousoma kanisani, kwa kuwa Madamu Véronique alitukataza kuishia katikati ya jambo, Baba alisema: «Imetosha, mutoto, sauti yako itakauka.» Sauti yangu haikuwa imekauka. Mama yangu, Régina, alisema tukiwa njiani kurudi nyumbani kwamba ameishi na Kitabu hicho miaka tisa nyumba moja, na hakuwahi kujua kwamba kuna upande wa chini wa ukurasa ule.

4. Kuhusu mapokezi. Bwana alipokuja kukagua mwezi wa tano, tulifagia njia, tukachagua mayai, tukafunga mbwa. Kitabu kilipoletwa mara ya kwanza kilitoka Kasongo ndani ya kikapu cha tantine yangu Pascaline, chini ya samaki wakavu. Mpaka leo kitabu cha Waamuzi kina harufu.

Hapo naomba nitaje pia jambo jema, ili barua isiwe ya upande mmoja. Aliyekuwa kapita wetu, Mzee Alimasi, ni Mwislamu, na alikuwa mtu pekee hapa aliyenawa mikono kabla ya kukigusa Kitabu. Sisi wabatizwa tulimwangalia kama mtu anayejichosha.

5. Kuhusu kiapo cha Baba. Hili ndilo lililonifanya niombe karatasi hii kwa mwalimu wa kijiji, na naomba Bwana alisome polepole.

Miaka miwili iliyopita Mama aliugua vibaya baada ya kujifungua mdogo wangu. Baba aliomba, na Mama akapona. Jumapili ya Pasaka Baba alisimama mbele ya kanisa, akaweka mkono wa kuume juu ya Kitabu, akaapa kwamba kwa shukrani mimi, binti yake, nitasoma mpaka nimalize mwaka wa sita. Hakuna msichana wa Lusangi aliyewahi kuufikia mwaka wa sita. Anayeumaliza anaweza kuwa monitrisi, akawafundisha watoto kusoma. Watu walipiga makofi. Mimi nililia, lakini kwa adabu.

Mwezi uliopita monitere alileta karatasi mpya. Shamba la pamba la Baba limeongezwa kipande. Baba aliipima karatasi kwa macho, akaniangalia, akasema mwezi wa tisa sitarudi shuleni, kwa sababu kipande hicho kinahitaji mikono miwili zaidi. Nilimkumbusha kiapo chake. Alijibu bila hasira, na jibu lake ndilo mzizi wa barua yangu: «Mwanangu, karatasi ya pamba iko na muhuri. Kiapo yangu iko na muhuri wapi?»

Nilitafuta muhuri katika Kitabu kizima. Nilianza Mwanzo nikaishia Ufunuo. Katika Ufunuo imeandikwa habari za mihuri, lakini hakuna uliogongwa.

Baada ya hapo Baba alifanya jambo ambalo halijawahi kutokea. Alikaa na Kitabu tangu alipotoka shambani mpaka chakula kikapoa, akisoma. Mama na mimi tulifurahi. Kumbe alikuwa akitafuta mahali Bwana Yesu anapokataza watu kuapa. Alipopata aliita nyumba nzima, akatueleza kwamba kiapo kile kilikuwa dhambi, na kwamba kunirudisha shuleni kungekuwa kuendelea na dhambi. Nilimwomba asome mpaka mwisho wa fungu, panaposema kwamba neno la mtu, ndiyo au hapana, linatosha lenyewe. Alisema macho yake yamechoka.

Bwana anaona mwenyewe hatari iliyopo. Kama Kitabu kinaweza kutumiwa kumfungua mtu kutoka ahadi aliyoitoa juu ya Kitabu hicho hicho, basi hakuna tena kitu hapa Lusangi kilichofungwa, isipokuwa mbwa siku unapokuja kukagua.

Kwa hiyo naleta maombi yangu.

Kwanza, Kitabu kipewe medali. Kwa kuwa hakina kifua, medali inaweza kuning'inizwa kwenye utepe wa kuwekea alama, ambao upo na bado ni mzima.

Pili, kipewe kazi ya kapita wa Lusangi. Nafasi iko wazi tangu Pasaka, Mzee Alimasi alipopumzishwa kwa sababu ya mguu. Najua karani wako ataleta mashaka, na nimeyajibu mapema. Atasema Kitabu hakiwezi kutembea. Mzee Alimasi naye hakutembea kwa miaka miwili ya mwisho, na Serikali ilimheshimu. Atasema hakisemi Kibangubangu, lugha ya nyumbani kwetu. Bwana Administrateri pia hasemi Kibangubangu, na hakuna aliyethubutu kukosa kumwelewa. Atauliza kama Kitabu kitaipinga kodi. Nimekichunguza, nami naithibitishia Serikali kwamba hakipingi: kinasema ya Kaisari apewe Kaisari. Kwamba papo hapo kinaongeza neno kuhusu yaliyo ya Mungu, nalitaja tu kwa ajili ya ukamilifu.

Tatu, kipewe polisi mmoja. Wawili wangekuwa kujionyesha. Nampendekeza Raphaël, anayepeleka barua Kabambare, ambaye ni wa hapa, amebatizwa, na tayari ana baiskeli. Kazi yake itakuwa kusimama kando ya Kitabu Jumapili, na mtu akisema mstari fulani ni wa Wakorinto, si wetu, Raphaël asogee hatua moja mbele. Sidhani kama atahitaji hatua ya pili.

Nne, kurasa zigongwe muhuri wa ofisi yako ya Teritware. Mwanzoni nilitaka kuomba muhuri kwenye kurasa zenye amri tu, ili kuokoa wino. Kisha nikaona ahadi zitaachwa nje, na taabu yangu mimi ni ya ahadi. Nikaongeza kurasa za ahadi. Kisha nikaona kwamba kurasa za hadithi zikiachwa wazi, watu watahamia huko. Baba Abrahamu alikuwa na mambo yake kuhusu kuoa zaidi ya mke mmoja, na tayari kuna wanaume wawili hapa wanaouliza sura yake ni ya ngapi. Kwa hiyo naomba kurasa zote. Ni zaidi ya elfu moja. Niko tayari kuja Kabambare kuzifunua wakati karani anagonga.

Tano, siku Kitabu kitakaposimikwa, karatasi ya pamba itolewe katika Zaburi. Ikikosa mahali, iwekwe katika Maombolezo.

Imebaki shida moja ambayo sikuweza kuitatua, nami naiandika huku chini kwa ajili ya heshima. Anayempa mwingine medali ni mkubwa kuliko anayeipokea. Kwa hiyo Bwana akikipa Kitabu medali, watu watasema Kitabu kiko chini ya Bwana. Lakini Madamu Véronique alitufundisha kwamba kiko juu ya watu wote, na tulipomwuliza kama ni pamoja na Wazungu, alifikiri kidogo akasema ndiyo, kisha akafunga dirisha. Nimetafuta njia, na njia niliyoiona ni hii: Bwana akishakivika Kitabu medali, arudi nyuma hatua tatu, avue kofia yake, aulize kama kuna maagizo. Pengine kuna maagizo kuhusu ukubwa wa mashamba ya pamba, maana kuna mahali kinapozungumza juu ya wanaowatwisha wenzao mizigo mizito bila kuigusa kwa kidole. Najua hii si desturi ya ofisi. Lakini ingekuwa mfano mwema, na wanaume wa Lusangi wangefuata mara moja, kwa kuwa wao humfuata Bwana katika mambo yote.

Shule inafunguliwa tarehe sita ya mwezi wa tisa. Kama jibu litafika kabla ya hapo, nitaweza kuendelea. Kama litafika baadaye, nitalisoma nikiwa katika shamba la pamba, na nitamshukuru Bwana vivyo hivyo, ila kwa sauti ndogo.

Nawasalimu wote walio kwako: Madamu wako, watoto kama wapo, karani, mpishi, polisi wa zamu na farasi kama bado yupo. Nawasalimu pia waliofungwa boloko, kwa sababu Kitabu kinatuagiza tuwakumbuke, na hakuna mwingine aliyenipa salamu zao. Mama Régina anakusalimu. Baba angekusalimu kama angejua ninaandika.

Nakunja barua hii kwa heshima na kwa matumaini, mimi mtoto wako wa Lusangi,

Sidonie, binti wa Zéphirin

Nyongeza, tarehe 19 Agosti.

Bwana Mheshimiwa, Raphaël, ambaye ataileta barua hii, amechelewa kwa sababu ya mpira wa baiskeli, na barua imekaa mezani siku tatu. Baba aliiona, akauliza ni ya nani. Sikumficha. Aliisoma yote akifuata maneno kwa kidole. Alipofika namba ya tano, ya kiapo chake, alisimama, akarudi mwanzo wake, akaisoma tena. Kisha akaikunja vizuri kama alivyoikuta, akachukua jembe, akatoka.

Jana mchana alirudi, akamwambia Mama afue sare yangu ya shule. Alisema mjomba Gaston atanipeleka Kasongo kwa baiskeli kabla ya shule kufunguliwa, na kile kipande kilichoongezwa atakilima yeye mwenyewe kadiri atakavyoweza.

Nilidhani ameogopa medali. Nilimwuliza kwa adabu kama ndivyo. Alicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Akaniambia: «Medali, Sido? Mutu wa medali mimi namudanganya kila mwaka. Monitere akikuja, namuonyesha shamba ya kando ya njia. Anaandika, anaenda. Ya nyuma hata jembe haijaiona. Lakini ile Kitabu haiko na polisi, haiko na fimbo, haiulizi kitu. Nakula, iko pale. Navaa viatu, iko pale. Tangu ile siku nilitafuta ule mustari, inaniangalia tu. Sasa yeye nitamuonyesha shamba gani?»

(Habari ya shamba la nyuma nimeiandika kwa sababu Kitabu kinakataza kusema nusu ya ukweli. Naomba isihesabiwe kuwa mashtaka.)

Ningeichana barua, lakini Raphaël ameshaandika katika daftari lake kwamba amepokea barua moja, na hataki kufika na pungufu. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu kwamba yote niliyoyaomba hapo juu yasifanyike, hata moja. Tafadhali Kitabu kisipewe medali. Kikiipata, Baba ataweza kukidanganya, na mimi bado nimebakiza mwaka mmoja.